Wanagenzi wa programu na mashirika ya hisani

Mwaka huu nimekuwa nikiwafundisha wanagenzi wa uundaji wa programu hapa Kampala, na kazi yao ya mafunzo ni kuyatengenezea mashirika ya hisani huduma za kidijitali. Kabla hawajagusa kompyuta, nawataka wamfikirie mtu atakayeitumia huduma hiyo, kwa mfano mama anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ambaye huenda ana simu ya vitufe isiyo na intaneti. Kwa hiyo tunaanza na menyu za USSD, yaani zile zinazofunguka bila intaneti kwa kupiga namba yenye nyota na alama ya reli, na ujumbe mfupi wa herufi 160, kwani ufinyu huo, ambao kwa maoni yangu ni mwalimu bora kuliko mimi, humlazimisha mwanagenzi kupima kila neno na kuondoa kila hatua isiyo ya lazima. Tunaisoma pia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, kwa sababu orodha ya wapokea msaada ikivuja inaweza kuwadhuru watu walewale tunaokusudia kuwasaidia. Nafurahi mno kuwaona sasa wakiliuliza shirika, tangu kikao cha kwanza, ni taarifa zipi hazina haja ya kukusanywa.