Mti na Yesu wapi na wapi

Juzi mwanangu karudi kutoka darasa la kipaimara na mambo ya kufanya kabla ya kubarikiwa, mojawapo kupanda miti, akaniuliza, "Baba, mti na Yesu wapi na wapi?" Nikamsomea Mwanzo 2:15, pale mtu anapowekwa bustanini Edeni "ailime na kuitunza", akaridhika akaenda zake kucheza. Mi ndo nikabaki nimekaa namkumbuka mzee mmoja.

Huku Kilimanjaro siku hizi watoto wa kipaimara kupanda miti ni kawaida, Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, kanisa letu la Kilutheri, inajulikana kwa hilo na Askofu Shoo watu walishazoea kumwita askofu wa miti. Enzi zetu halikuwa sharti. Ni mwinjilisti wetu tu, aliona mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, unakauka na migomba ya vihamba vya chini, yaani mashamba ya nyumbani, inanyauka, basi Jumamosi moja badala ya kukaririshwa amri kumi tukabebeshwa viriba vya miche ya mringaringa na mruka, miti ya asili ya huku, mpaka kwenye chemchemi.

Palikuwa peupe. Visiki vitupu, na kwa juu kidogo mikaratusi ya mtu imesimama imenyooka, na mti ule unavyokunywa maji kila mkulima anajua. Mwinjilisti akapiga magoti akatumbukiza mkono majini, yaani hayakufika hata kwenye kifundo, saa yake ilibaki kavu kabisa. Akatusomea Zaburi ya 24, "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA." Hapo ndo yule mzee, mzee wa kanisa kabisa, akavua kofia akasema, "Mwinjilisti, baba yangu hakubatizwa. Hapa alikuwa hakati hata kijiti, aliogopa wazee waliokufa. Sisi tukabatizwa, tukaambiwa hapa hamna kitu, ni miti tu. Tukaja na mashoka."

Nilijua atakemewa, maana kwetu mambo ya mizimu mbele ya watoto wa kipaimara hayatajwi. Mwinjilisti akamwangalia tu, mikono imejaa tope, akamwambia, "Basi tulifundishwa nusu, mzee wangu. Mti si wa kuabudiwa, ila una mwenyewe." Kisha akachana kiriba, akampa mche, wakaupanda wote wawili, sisi tunawaangalia na majembe yetu.

Nimesikia mengi tangu hapo, kwamba barafu ya mlima imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, mahubiri ya mazingira, semina, na yote naamini ni muhimu. Ila hakuna lililonishika kama lile la mzee, kwamba watu walioogopa mizimu walitunza chemchemi na sisi tunaosema tunampenda Muumba tukaimaliza. Kumcha Mungu kwetu kunaishia wapi, mlangoni mwa kanisa? Naliuliza kwa uchungu kwa sababu naipenda imani hii.

Mingi ya ile miche ilishika, mfongo umerudi kiasi, sio kama zamani. Mikaratusi ya juu bado ipo, ilishavunwa ikachipua tena, shamba amerithi kijana wa yule mwenye mikaratusi, ambaye jumuiya tunasali moja. Nimeshamwomba aing'oe. Kaniambia ada za watoto zinatoka kwenye nguzo za hiyo mikaratusi, nami nikimpa jibu la hiyo ada atang'oa kesho. Bado natafuta cha kumjibu.