Siku moja maabara ya patholojia, Dar (tezi, nta na rangi ya kahawia)

Saa 1 na nusu asubuhi nishafika, chai baadae. Natoa vinyama (vipande vilivyokatwa kwa wagonjwa) kwenye mashine iliyofanya kazi usiku kucha kuvikausha maji na kuviingiza nta, nagandisha kila kimoja kwenye kitofali chake.

Saa 3 nakata, hapa sitaki stori na mtu. Mikrotomu inakata maikroni 3 au 4, ukipumua vibaya tu kipande kimeruka. Leo nina tezi ya shingo ya mtoto, na ya kwapa ya mbaba mmoja, fomu yake inasema kamaliza dawa za TB miezi 6 na uvimbe uko palepale. Fomu za hivi tunaziona sana jamani, tezi ikivimba kila mtu anawaza TB na mara nyingi kweli ni TB, ila ikigoma kushuka itoeni nzima mtuletee, kuvuta seli kwa sindano peke yake haitoshi maana limfoma (saratani ya tezi) inasomwa pia kwa jinsi seli zilivyojipanga.

Saa 5 daktari yuko kwenye hadubini. Ya mtoto imejaa seli za saizi moja, nyeusinyeusi, katikati zimetapakaa nafasi nyeupe kama nyota. Anashuku limfoma ya Burkitt, ile aliyoiandika Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala. Lakini kushuku sio majibu, anataka CD20, CD3, CD10, BCL2 na Ki-67, yaani protini za kwenye seli zinazosaidia kujua ni seli za aina gani, na Ki-67 inaonyesha zinazogawanyika.

Saa 6 mpaka saa 10 ni antibodi, zinazonasa protini hizo ili zitoke rangi ya kahawia: chemsha slaidi, dondoshea, subiri, osha, dondoshea tena. Pembeni naweka kipande cha tonsili, kisipotoka kahawia panapotakiwa basi kazi yote ni ya kutupa. Katikati ya hapo mapokezi wananiita, kuna tezi imeletwa ndani ya maji ya chumvi, imekaa humo siku tatu!! Imeshaoza. Fomalini asilimia 10 ya kuhifadhia tu mlikosa kweli? Mgonjwa atapasuliwa upya.

Saa 10: CD20 na CD10 zimewaka kahawia, BCL2 hamna, CD3 ni chache za kuhesabu, Ki-67 karibu kila seli. Ni Burkitt. Daktari kapiga simu wodini hapohapo bila kusubiri ripoti kuchapwa, huu uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili, ila kwa watoto wengi unasikia dawa.

Ya mbaba ina seli kubwa zenye viini viwili, inanukia limfoma ya Hodgkin. CD30 na CD15 kesho asubuhi, na CD15 imebaki matone, nimeshamtext mtu wa stoo hajajibu.