Digrii nne za mzee: siku yangu ya kupima swingi Arusha

Saa 11:30 alfajiri. Baridi ya Juni hapa Arusha inaingia mpaka kwenye mifupa, na Meru umejifunika wingu. Kabla ya chai nakagua begi: vihisi vitatu (vifaa vidogo vya kufunga mwilini, vinavyopima mwili unageuka kiasi gani) vimejaa chaji, mkanda wa kiunoni, simu, stendi, futi kamba, tepu, kalamu. Mimi ni mfiziotherapia, nilisomea KCMC Moshi. Siku tatu kwa wiki kazi yangu ni kupima swingi ya wacheza gofu, yaani wanavyozungusha fimbo kupiga mpira: kiuno kinageuka kiasi gani, kifua kiasi gani, na kipi kinatangulia kurudi kwenye mpira.

Saa 1:00 asubuhi. Kifodi cha Sakina kimeniacha barabarani, nikamalizia kwa miguu mpaka ninapopimia. Jambo la kwanza ni sakafu. Mkeka una alama za tepu za mguu wa kushoto, mguu wa kulia, mpira na stendi ya simu. Simu inakaa kwenye kimo cha mikono ya mchezaji na inamtazama kifuani moja kwa moja. Ukiisogeza pembeni kidogo tu, pembe kwenye picha inabadilika wakati mwili haujabadilika hata chembe. Vihisi navilaza mezani vitulie, mbali na rafu ya chuma ya fimbo, maana vyangu vinategemea pia usumaku wa dunia na chuma kinavichanganya.

Watu huniuliza kwa nini nisirekodi kawaida tu. Kushusha fimbo kutoka juu mpaka kwenye mpira kunachukua kama robo sekunde. Simu inayochukua picha 30 kwa sekunde itakupa picha saba au nane za tendo zima. Ikichukua 240 unapata kama 60, na kiuno unakiona vizuri. Kichwa cha fimbo ni habari nyingine: kikienda kilomita 160 kwa saa, hata kwa picha 240 kinaruka karibu sentimita 19 kati ya picha moja na inayofuata. Kwa hiyo kasi ya fimbo siitafuti kwenye simu, na anayeniomba namwambia hivyo.

Saa 2:30. Kijana mmoja, kedi (anayewabebea wachezaji fimbo). Anajipasha moto dakika kumi, anapiga mipira mitano bila kupimwa, kisha kumi ya kupimwa. Namvua vihisi na mkanda. Anakwenda kunywa chai, anarudi, nafunga upya, kumi tena. Wengi wanaiona hatua hii ni kupoteza muda. Kwangu ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu bila kuvua na kufunga upya sitajua mkono wangu mwenyewe unaongeza au unapunguza nini. Asubuhi hii kiuno chake: digrii 44, halafu 46. Kijana ni yule yule, swingi ni ile ile.

Saa 4:00. Mzee wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo utaona mambo."

Wiki sita amefanya mazoezi ya nyonga kila asubuhi, kwenye mkeka sebuleni. Mara ya kwanza kiuno chake kiligeuka wastani wa digrii 38 fimbo ikiwa juu. Leo, 42. Aliiona namba kwenye skrini kabla yangu, akapiga makofi.

Nilitamani sana kumpongeza. Lakini kwa majaribio ya kufunga na kufungua, kosa la kawaida la kipimo changu, yaani namba inavyochezacheza hata mwili usipobadilika, ni kama digrii 2. Ukilizidisha kwa 2.77, kanuni ya kulinganisha vipimo viwili vya mtu mmoja, unapata kama 5.5. Chini ya hapo siwezi kusema mwili umebadilika.

Ameuza nafaka soko la Kilombero hapa Arusha miaka mingi, nikamwambia kwa lugha ya sokoni: "Mzee, gunia moja ukilipandisha kwenye mizani mara tatu, ikakupa 98, 101, 99, utasema maharage yameongezeka?"

Akanyamaza, akafuta miwani. "Kwa hiyo sijapona?"

"Sijasema hivyo. Inawezekana kabisa umeongezeka. Ila mizani yangu bado haijaweza kuliona hilo. Njoo tena Alhamisi, saa hii hii, fimbo namba 7 ile ile, ujipashe moto vile vile."

Aliondoka polepole, na nilibaki na uzito moyoni mpaka mchana.

Saa 7:00 mchana. Mtori, haraka.

Saa 8:00 mchana. Mwenzangu ninayefanya naye kazi amekuwa akipata kama digrii 6 pungufu ya zangu, kwa wachezaji wale wale. Leo nimemwomba afunge mkanda nikiangalia. Aliufunga palepale mtu anapofungia suruali, juu ya nyama. Nyama inachelewa nyuma ya mfupa: mfupa umeshageuka, mkanda bado uko njiani. Nikauchukua mkono wake, nikaweka kidole gumba chake kwenye kile kishimo kidogo cha chini ya mgongo, upande mmoja, halafu wa pili. "Bonyeza. Unasikia kitu kigumu?" Akasikia. Kihisi kinakaa katikati ya vishimo hivyo viwili, na mkanda unapita mbele juu ya ncha za mifupa ya nyonga.

Saa 10:30 jioni. Kedi wa asubuhi amekubali kurudia. Mwenzangu amefunga, sikumwambia namba zangu. Amepata 45.

Saa 1:00 usiku. Nipo nyumbani, naandika namba za leo daftarini. Ujumbe umeingia kutoka kwa mzee: "Alhamisi nitakuja. Mazoezi sijaacha."

Nimemjibu: "Karibu sana mzee. Alama za miguu yako bado ziko kwenye mkeka."