Siku ya kwanza kazini niliishia geti la Machame

Julai 2018 ndo nilipata kazi Moshi, kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, mimi mtu wa stoo. Nilikuwa naishi Sakina kwa kaka yangu na natakiwa kuripoti Jumatatu saa mbili asubuhi, kwahiyo kumi na moja alfajiri nishafika stendi, baridi ya Arusha mwezi wa saba mnaijua, nimejifunga kitenge juu ya sketi ya ofisini, nikapanda koasta ya Moshi siti ya nyuma ya dereva. Ni kilomita kama 80 tu, nikajua saa mbili haijafika nipo mlangoni.

Tengeru, Usa, Maji ya Chai tukapita fresh kabisa. Tulivyoiacha Kikatiti tukaanza kusikia harufu ya kuungua, mara mvuke ukafumuka pale kwa dereva, gari ikazima. Imechemsha. Na pale ni tambarare tupu, upepo na vumbi, hata kibanda cha chai hamna. Konda anasema "tulieni abiria wangu, ni maji tu hayo", akapotea na dumu akarudi nalo, wakamimina kwenye rejeta, na yote yakatokea chini maana mpira ulishapasuka. Watu wakaanza kudai nauli, konda akasema nauli harudishi, atatufaulisha, na koasta zote zinazopita zimejaa.

Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja ana matenga ya nyanya, nilishamwambia naenda kuanza kazi. Ilipokuja Noah yenye nafasi moja, watu wameshaisogelea, akamshika konda mkono, "Mwanangu, huyu binti ndo anaanza kazi leo, mtoe yeye kwanza." Na watu wakanipisha kweli! Nyanya zake ziko juani, yeye ananiwaza mimi. Sikumuuliza hata jina, Mungu ambariki popote alipo.

Tumefika Boma Ng'ombe saa mbili inagonga, nikampigia bosi. Shikamoo, gari imechemsha, nimefaulishwa, ndo niko Boma. Akaniitikia halafu akasema, "Basi ofisini usije, shuka njia panda ya Machame, gari ya wagumu inapita hapo sasa hivi, aliyekuwa aende nao anaumwa." Wagumu ndo wapagazi wa mlima, wenyewe wanajiita hivyo.

Nikadandia, nimebanana na mitungi ya gesi na mahema, tunapanda katikati ya migomba na kahawa mpaka tukaingia kwenye ukungu. Geti liko kama mita 1,800 na kulikuwa na manyunyu, viatu vyangu vya ofisini vikazama tope hatua ya kwanza tu, mpishi akanipa gambuti zake za akiba, kubwa hizo, lakini zilinisitiri.

Sasa pale getini mizigo inapimwa, mgumu haruhusiwi kuzidisha kilo 20. Ikafika zamu ya kijana mmoja mwembamba, mzani ukasoma 23. Kiongozi wa msafara akamwambia atoe blanketi lake alirudishe kwenye gari. Kidogo nilie. Nikasema hapana kaka, huyu usiku huko juu atalala na nini? Ngoja kwanza tuone kilichomo. Tukafungua gunia, kumbe ni hema la kulia chakula, lilirudi safari iliyopita limeloa likakunjwa hivyohivyo likasukumiwa stoo. Ukilibana kona maji yanachuruzika, na mshono mzima umeota madoa meusi. Yani kijana wa watu anabebeshwa maji mlimani, halafu anayevuliwa blanketi ni yeye!

Tukalikamua wanne wanne, vyuma vyake tukampa mwenzake aliyekuwa na kilo 16, tukapima tena, 19. Blanketi likabaki. Kijana hakusema kitu, alinipa mkono tu akapandisha gunia kichwani akaingia msituni na wenzake.

Jioni nikarudi Moshi nikamweleza bosi yote nikiwa bado nimesimama mlangoni, alisikiliza, akaniuliza kama nimekula. Kesho yake hata meza yangu sijaonyeshwa, nikatoa mahema yote uani nikayafungua moja moja. Matatu mengine yalikuwa mabichi. Bosi alikuja akayashika kwa mkono wake, hakubisha, akatuma mtu soko la Mbuyuni akanunue kamba za kuanikia.