Jogoo wa Mama Mkwe

Wiki hii yote nawaza: huyu jogoo abaki hapa uani au nimtafutie pa kwenda? Alikuja kwa basi kutoka Singida, ndani ya tenga, zawadi ya mama mkwe. Mwekundu wa kuiva, mkia mweusi unaometa kijani juani, upanga wima. Nilimtenga kwanza wiki mbili nikamdondoshea chanjo ya kideri jichoni, maana kuku mgeni mmoja anaweza kukumalizia banda zima.

Kwa mayai simhitaji. Hapa mtaani wengi wanaamini mtetea bila jogoo hatagi. Hata fundi aliyejenga banda alinicheka. Mtetea hutaga tu, jogoo awepo asiwepo. Yai ndilo linakosa mbegu, ukiliatamisha siku 21 unaambulia viza. Na hicho kiini cha njano iliyokolea ambacho wateja wangu wanampa sifa jogoo, ni kazi ya mchicha ninaowatupia kila jioni.

Basi hoja ni vifaranga, na hapo ndipo ninapokwama. Kuku wangu karibu wote ni chotara: kutaga wanajua, kuatamia hawana habari nako. Wa kienyeji hasa ni wawili tu, na mmoja wao, kishingo (yule asiye na manyoya shingoni), akishaatamia hata umpige kelele habanduki. Jogoo mmoja anatosha mitetea 10. Wangu hawafiki hapo, kwa hiyo wanaandamwa kutwa. Chotara mweupe, kipenzi chake, mgongo umenyonyoka manyoya hadi ngozi inaonekana.

Halafu kuna kuwika. Hii ni Dar, nyumba ya kupanga, ua mmoja familia nne. Dada wa chumba cha pili ni muuguzi, akitoka zamu ya usiku analala mchana. Juzi kanisimamisha bombani: "Jirani, huyo bwana saa tisa ya mchana ananidai nini?" Tulicheka, lakini nilimwelewa.

Ila ana mazuri yake, nisimdhulumu. Mwewe akipita juu anatoa mlio mmoja mrefu, wote wanatokomea chini ya mwembe. Na jana nilimtazama ameokota kumbikumbi: akamweka chini, akamwokota tena, huku akiita kwa kasauti ka chini ka harakaharaka, mpaka mtetea akaja akala. (Siku nyingine anaita hivyohivyo na chini hakuna kitu. Mtetea akifika, anapandwa. Wanaume!)

Nimeamua hivi. Nakusanya mayai ya wale wawili wa kienyeji, yasipite siku 7, nimpe kishingo kama 10 aatamie. Jogoo ataenda Mkuranga kwa shemeji yangu, ambako kuna eneo, mitetea ya kutosha na hakuna muuguzi. Siku nikitaka vifaranga tena, nitanunua mayai yenye mbegu kwa mfugaji na kumwekea kishingo. Yeye hajali katagiwa na nani. Kumchinja kumepita kichwani pia, siwezi kusema uongo, hasa nikikumbuka mchuzi wa nazi. Lakini zawadi ya mama mkwe hailiwi kwa haraka namna hiyo.

Kilichobaki ni simu ya Singida. Nimemwomba mume wangu ampigie mama yake. Kasema kuku ni wangu, nipige mwenyewe.