Jinsi nilivyotatua sauti ya injini kufifia redio inapowashwa

Kwenye X-Plane, gemu la kurusha ndege, ndani ya Windows, injini ilinguruma vizuri hadi ilipowashwa programu ya kuongea na waongoza ndege wa VATSIM, mtandao wa mashabiki wanaoigiza urubani na uongozaji wa ndege. Hapo ikabaki kama inanong'ona. Gemu halina kosa. Windows ikitambua mawasiliano ya sauti, hushusha sauti nyingine kwa asilimia 80, na ndivyo inavyokuja imepangwa.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Fungua kichupo cha Communications, chagua Do nothing, malizia na OK.

Sasa ndipo usawazishe ndani ya gemu: redio juu kabisa, injini takriban nusu. Usianze kwa kupandisha injini, maana ukifunga ile programu mngurumo utarudi wote kwa mkupuo na kuumiza masikio.