Kozi bila kazi ya kuifanyia

Jamani watu wa HR (rasilimali watu) tuambiane ukweli, ile semina ya motisha ya mara moja kwa mwaka, na tisheti na picha ya pamoja, haimsaidii mtu ambaye bosi wake hajawahi hata kumwambia asante. Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alishasema tangu 1959, mshahara mdogo na sera mbovu vinakera, ila ukivirekebisha kero inapungua tu, hamu ya kufanya kazi inatoka kwenye kazi yenyewe, kutambuliwa, kupewa jukumu, kukua. Sasa unampeleka mtu kozi, anarudi na cheti chake, unamrudisha kujaza fomu zilezile halafu unashangaa akiacha kazi! Kaeni na meneja wake kabla hajaenda, mkubaliane akirudi anapewa nini cha kufanya, hata kiwe kidogo.